Leti ya Myford ML7 na reli inayolika upande mmoja: uchambuzi wa kisa

Kwenye leti, mashine ya kukereza, sadeli ni kigari kinachobeba kisu na kuteleza juu ya kitanda, na gibu ni kipande chembamba kinachokazwa kuondoa uwazi kati ya sadeli na reli. Gibu imekazwa vizuri karibu na chaki, taya zinazoshika na kuzungusha kazi, na sadeli haina pleyi, yaani haichezi. Isukume sadeli kuelekea mkia, kiegemeo cha senta kwenye ncha ya pili ya kitanda: inaanza kuwa nzito, mwishowe inakwama kabisa. Legeza gibu mpaka ipite huko, kisha irudishe karibu na chaki, na sasa inacheza kiasi kwamba kisu kinatetemeka kwenye kazi na kipenyo hakishikiki. Fundi hana mahali pa kuiweka gibu hiyo pakawa sawa kwa urefu wote wa kitanda.

Hiyo ni dalili ya kitanda kilicholika sehemu moja. Kwa leti ndogo za Myford zilizotengenezwa kabla ya 1972, ni kosa kumaliza habari kwa kusema mashine imezeeka. Uzee upo, lakini mahali pa kulika palichaguliwa kwenye mchoro, na ndiyo maana ugonjwa huu unatibika bila kukipeleka kitanda kusagwa.

Myford ilikuwa kampuni ya Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, iliyoanzishwa na Cecil Moore mwaka 1934. ML7 ilitoka mwaka 1946 na Super 7 ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni leti za kimo cha senta (mhimili wa kazi juu ya kitanda) cha inchi 3½, yaani karibu 89 mm, na urefu wa takribani nusu mita kati ya senta na senta. Zilienea kwa watengenezaji wa vijiinjini vya mfano, vyuo vya ufundi na karakana ndogo za vifaa. Kitanda chake ni bapa: hakina matuta ya V kama leti nyingi kubwa, bali reli mbili za chuma cha kusubu zenye uso wa juu ulio tambarare na kuta zilizosimama wima. Uso wa juu unabeba uzito, kuta ndizo zinazoielekeza sadeli isiende kombo.

Kuta hizo ni nne, na kila kitu katika kisa hiki kinazunguka hapo, kwa hiyo tuzipe namba. Ukuta wa 1 ni ule wa mbele wa reli ya mbele, unaomtazama fundi. Wa 2 ni mgongo wa reli hiyohiyo, unaotazama uwazi wa katikati ya kitanda. Wa 3 ni tumbo la reli ya nyuma, nao unatazama uwazi huohuo. Wa 4 ni mgongo wa reli ya nyuma, upande ulio mbali na fundi.

Katika kitanda cha zamani sadeli inashikwa na ukuta wa 1 na wa 2 tu. Inaikumbatia reli ya mbele: gibu inasukuma kwenye ukuta wa 1, na mdomo ulio chini ya sadeli unaegemea ukuta wa 2. Ukuta wa 4 haugusi kitu. Ingiza fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kati ya bega la nyuma la sadeli na ukuta wa 4. Ikipita bila kupinga, kitanda ni cha aina hiyo. Mwaka 1972 kiwanda kilibadilisha mpango huo na sadeli ikaanza kuelekezwa na ukuta wa 1 na wa 4, yaani upana mzima wa kitanda.

Kwa nini ukuta wa 2 ndio unaokufa

Kisu kinapokata kipenyo cha nje kinapata nguvu tatu. Iliyo kubwa kuliko zote inakisukuma chini. Ya pili inapinga mwendo wa kulisha, sambamba na kitanda. Ya tatu inakirudisha kisu kwa fundi, mbali na kazi. Hii ya tatu ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu inaivuta sadeli nzima upande wa mbele, na kitu pekee kinachoizuia isiende ni ule mdomo ulioegemea ukuta wa 2. Kila mkato wa nje, kila kukereza uso, kila uzi wa nje unaupiga ukuta huo. Ukichimba ndani ya tundu mambo yanageuka: kisu kinasukumwa mbali na fundi, mzigo unahamia kwenye gibu na ukuta wa 1. Lakini katika karakana ya kawaida kazi za nje ni nyingi kuliko za ndani.

Ongeza mahali ulipo. Ukuta wa 2 uko ndani ya uwazi ambamo maranda ya chuma yanaangukia. Hauonekani bila tochi, kitambaa kinaufikia kwa shida, na mafuta yanayodondoka kutoka juu yanapita bila kukaa. Vumbi la chuma cha kusubu, hasa linalotoka kwenye ganda la nje lenye mchanga wa kalibu, linashika pale na kuwa msasa kati ya mdomo wa sadeli na reli. Asiyefunika kitanda anapotumia jiwe la kunoa lililofungwa kwenye leti ananyunyizia msasa wa kununua kabisa.

Kisha urefu wa kazi. Vitu vingi vinavyokerezwa kwenye leti ndogo ni vifupi: bushi, pini, puli, flanji. Sadeli inaishi kwenye milimita 150 za kwanza kutoka kwenye chaki. Upande wa mkia inafika mara chache, na reli huko inabaki na kipimo cha kiwandani. Ndipo gibu inapokwama: upana wa reli ya mbele si mmoja tena, na gibu moja haiwezi kulingana na upana wa aina mbili.

Hesabu inayoonyesha ukali wake

Mafundi wengi wanapozungumzia kitanda kilicholika wanafikiria kulika kwa juu, kwa kuwa ndiko kunakoonekana na kucha ikipitishwa inakwama kwenye kingo. Kwa kipenyo cha kazi, kulika kwa juu kukiwa sawa mbele na nyuma hakuna madhara ya maana.

Tuseme reli zote mbili zimeshuka 0.05 mm na kazi ina kipenyo cha 40 mm. Kisu kinashuka chini ya senta kwa 0.05 mm. Nusu kipenyo inaongezeka kwa mraba wa mshuko ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo: 0.05 × 0.05 ÷ 40, ambayo ni kama 0.00006 mm. Hakuna mikromita ya karakana itakayoiona.

Sasa tuseme kilicholika 0.05 mm ni ukuta wa 2. Sadeli inarudi kwa fundi kwa 0.05 mm kamili, kisu nacho, na kipenyo kinaongezeka 0.1 mm. Kulika kulekule, kwenye uso mwingine, kosa ni kubwa mara mia nane.

Katikati ya hayo mawili kuna hali ya tatu: reli ya mbele imelika juu kuliko ya nyuma. Sadeli inainama mbele na ncha ya kisu inarudi kwa fundi kwa kiasi cha tofauti hiyo, kikizidishwa kwa urefu wa senta juu ya kitanda na kugawanywa kwa umbali kati ya reli. Kwenye leti hii vipimo hivyo viwili havipishani sana, kwa hiyo tofauti ya 0.02 mm kati ya reli inaleta karibu 0.02 mm kwenye kisu na 0.04 mm kwenye kipenyo. Nayo inaelekea kulekule inakoelekea kulika kwa ukuta wa 2, kwa hiyo makosa mawili yanajumlishana. Karibu na chaki kazi inatoka nene, kuelekea mkia inatoka nyembamba.

Kulika kwenyewe, basi, si adui mkubwa. Leti iliyolika sawasawa kila mahali ingeendelea kutoa kazi nzuri kwa kukaza gibu tu. Kinachoharibu ni tofauti: kati ya mwanzo wa reli na mwisho wake, na kati ya mbele na nyuma. Mabadiliko ya mchoro yapimwe kwa kipimo hicho.

Hofu iliyozaa mpango wa zamani

Kushika reli moja nyembamba hakukuwa uzembe. Kitu kinachoteleza huku kikisukumwa pembeni mwake huwa na tabia ya kujipinda na kujibana, kama droo pana ya kabati inayovutwa kwa kona moja. Leti inasukuma sadeli kutoka mbele, kwa gia ya mkono na skrubu ya kuendeshea ambazo zote ziko upande wa fundi. Ukiielekeza sadeli karibu na hapo inaposukumiwa, nguvu ya kuipinda inakuwa ndogo. Tena kiwandani unahitaji kusaga kuta mbili tu kwa usambamba mkali, badala ya kuhangaika na upana mzima wa kitanda.

Hofu hiyo, hata hivyo, ina kanuni yake. Sadeli yenye urefu L wa kuelekezwa, inayosukumwa kwa umbali e kutoka kwenye mstari wa upinzani, itajibana iwapo L ni fupi kuliko mara mbili ya msuguano ukizidishwa kwa e. Chukua e ya 150 mm, ambayo ni ya kujihadhari, na msuguano wa 0.15 wa chuma kwa chuma chenye mafuta. Inatoka 45 mm. Sadeli ya ML7 ni ndefu kuliko 100 mm, haifiki hata karibu na hatari. Ikiwa kavu na chafu, tuseme msuguano wa 0.3, inakuwa 90 mm: bado inapita, ila akiba imekwisha. Mpango wa zamani ulikuwa unakinga jambo ambalo urefu wa sadeli ulishalikinga, na gharama yake ikawa kutumia ukuta uliofichika kuliko zote.

Kupima kabla ya kugusa kitu

Kwanza ondoa shaka ya kitanda kilichopindwa na bolti zake. Leti hizi ni nyepesi, na meza isiyolingana inazipinda zikatoa tepa (kipenyo kinachobadilika kidogo kidogo kwa urefu wa kazi) ileile inayodhaniwa kuwa ni kulika. Weka pimamaji ya 0.02 mm kwa mita ikikingama kwenye kitanda, soma karibu na kichwa (upande wa chaki) na karibu na mkia, kisha legeza bolti zote za miguu na usome tena mahali palepale. Kiputo kikihama zaidi ya mstari mmoja, bolti zilikuwa zinakivuta kitanda. Weka shimu, vibamba vyembamba vya kujazia, chini ya miguu mpaka kukaza na kulegeza kusibadilishe kitu. Wengi huishia hapa, tepa ikawa imepotea.

Pili, chukua mikromita na upime unene wa reli ya mbele, ukuta wa 1 hadi wa 2, kila baada ya 50 mm kutoka kichwani hadi mwisho. Hapa pana mtego. Mdomo wa sadeli haufiki chini kabisa ya ukuta wa 2, kwa hiyo sehemu ya chini inabaki na kimo chake cha zamani kama kidaraja. Kidole cha mikromita kikikalia kidaraja hicho kitakusomea reli nzima mpya. Hakikisha kinagusa sehemu inayong'aa tu, au weka pini fupi ya drili yenye kipenyo kinachojulikana kati ya kidole na ukuta, kisha uitoe kwenye hesabu.

Tatu, kwa mikromita kubwa inayovuka kitanda, pima ukuta wa 1 hadi wa 4 kwenye vituo vilevile. Rangi na vijino vya kingo kwenye ukuta wa 4 viondolewe kwanza kwa jiwe laini la mafuta. Nne, pima unene wa kila reli kutoka juu hadi chini, ya mbele na ya nyuma mbalimbali.

Namba zinajisemea. Ikiwa 1–2 inapungua karibu na chaki lakini 1–4 ni ileile mwanzo hadi mwisho, ukuta wa 1 ni mzima, wa 4 ni mzima, na ugonjwa wote uko kwenye wa 2: hii ndiyo hali njema, na ndiyo inayotazamiwa. Ikiwa 1–4 nayo inapungua kichwani, ukuta wa 1 umelika pia, na kuhamia ukuta wa 4 kutaondoa sehemu tu ya tatizo. Ikiwa tofauti ya 1–2 haizidi 0.02 au 0.03 mm, iache mashine ifanye kazi. Safisha, paka mafuta, weka vifutio. Ikiwa unene wa juu-chini wa reli ya mbele umepungua kuliko wa nyuma kwa zaidi ya 0.05 mm, hakuna marekebisho ya kuta yatakayotosha, mashine ya kusagia vitanda inahusika.

Kuihamishia sadeli ukuta wa 4

Wazo ni rahisi: ukuta wa 4 haujawahi kuguswa na sadeli tangu mashine itoke kiwandani, kwa hiyo ni uso mpya uliokaa bure. Bega la nyuma la sadeli likijazwa mpaka liuguse, na mdomo wa zamani ukirudishwa usiuguse tena ukuta wa 2, leti ya kabla ya 1972 inakuwa na mwelekeo wa leti ya baada ya 1972.

Kabla ya kufungua, sogeza sadeli mpaka upande wa mkia, kaza gibu kama kawaida, na pima kwa mikromita ya kina umbali kutoka kwenye ukingo wa mbele wa sadeli hadi ukuta wa 1. Andika. Hapo ndipo sadeli inapaswa kurudi baada ya kazi, la sivyo eproni, sanduku la gia lililoning'inia mbele ya sadeli, itahama na nati nusu iliyo ndani yake haitaikamata skrubu ya kuendeshea katikati. Kisha toa mkia, fungua bereketi ya kulia ya skrubu ya kuendeshea na uichomoe, shusha eproni, fungua mabamba ya chini yanayozuia sadeli isinyanyuke, na uiteleze sadeli itoke mwishoni mwa kitanda. Shimu za mabamba hayo ni za matabaka na kila upande una unene wake. Zifunge kwa uzi na uandike zilikotoka.

Chagua kijazio kulingana na pengo lililopo. Karatasi ya Turcite, plastiki ya jamii ya teflon iliyochanganywa na bronzi, hupatikana kwa unene wa 0.8 na 1.6 mm na hubandikwa kwa gundi peke yake. Inafaa bega likiwa jembamba na huwezi kulikata. Kama bega lina nyama ya kutosha, vipande vya bronzi ya fosfori au chuma cha kusubu cha punje ndogo, unene wa 4 mm, ni bora kwa maoni yetu, kwa sababu vinakwanguliwa vizuri na havimezi vumbi kirahisi. Watu husahau jambo hilo: chembe ngumu zikizama kwenye uso laini zinageuka msasa uliobandikwa, na kinacholika ni ule uso mgumu unaoteleza juu yake. Turcite bila vifutio inaweza kula reli huku yenyewe ikionekana nzima.

Usiweke kijazio kwa urefu wote. Weka viwili, kila kimoja 45 mm, kwenye ncha mbili za sadeli, katikati pabaki wazi. Ukuta mrefu unaogusa kote huanza kulika ncha, ukabaki na tumbo, na sadeli ikawa inayumba kama kiti cha kubembea. Vijazio viwili vinaweka mguso mbali na mbali, na hapo ndipo unapozuia sadeli isiende kombo.

Geuza sadeli juu chini kwenye meza ya mashine ya milingi. Rejea si ukingo wa nje wa sadeli, ambao ni rangi na kalibu tu, bali njia ya mkia wa njiwa inayobeba slaidi ya kukingama, ile inayopeleka kisu kwenye kazi na kukirudisha kwa fundi. Kwa dayo geji, saa ya kupimia mwendo mdogo, linganisha njia hiyo na mwendo wa meza, kisha kata makao ya vijazio kwa mwendo ulio mraba nayo, kwa usahihi wa 0.01 mm kwa kila 100 mm. Ikikosea, ikosee upande unaofanya kisu kisogee kidogo kuelekea kichwa kinapokwenda katikati ya kazi. Uso uliokerezwa unakubalika ukiwa na bonde dogo katikati. Ukiwa na kilima haukubaliki hata kidogo, kwani flanji mbili zenye vilima hazifungi.

Sugua mahali pa kubandika kwa msasa wa P80, osha kwa asetoni, paka epoksi nyembamba, na kwa vijazio vya chuma ongeza skrubu mbili za M4 kutoka nje ya bega, zikiingia kwenye uzi wa kijazio bila kutokeza upande wa pili. Kishikio kiwe chepesi. Ukikaza klampu kwa nguvu bega litajikunja kidogo, epoksi itakauka likiwa limejikunja, na likiachiwa kijazio kitakuwa hakiko sambamba. Acha saa 24.

Kijazio kibaki na ziada ya kama 0.1 mm juu ya kipimo ulichokiandika mwanzo. Ziada hiyo inaondolewa kwa mkono: paka rangi ya bluu nyembamba kwenye ukuta wa 4 upande wa mkia, telezesha sadeli, toa, kwangua palipopata rangi, rudia. Alama nane hadi kumi kwa kila eneo la 25 × 25 mm kwenye vijazio vyote viwili zinatosha. Kila baada ya mikwaruzo michache jaribu umraba wa slaidi tena, kwani ni rahisi kukwangua kijazio kimoja zaidi ya kingine ukaharibu kazi nzuri ya milingi.

Halafu jambo linaloachwa mara nyingi na linaloangusha kazi yote: mdomo wa zamani uliokuwa ukigusa ukuta wa 2 urudishwe kwa 0.3 hadi 0.5 mm kwa urefu wake wote. Ukiuacha, sadeli ina viegemeo viwili vinavyogombana. Karibu na chaki, ukuta wa 2 ulikolika, itaegemea ukuta wa 4 na kwenda vizuri. Kuelekea mkia mdomo utaukuta ukuta wa 2 mzima na kubana. Fundi atarudi palepale alipoanzia na kuilaumu bronzi.

Mafuta na vifutio. Toboa tundu la 3 mm kutoka juu ya bega hadi katikati ya kila kijazio, na kwenye uso wa kijazio chonga mfereji wa kina cha 1 mm usiofika ukingoni, kwani mfereji unaotokeza nje unamwaga mafuta na kuingiza uchafu. Tumia mafuta ya njia za mashine ya ISO VG 68. Mafuta ya injini yana visafishaji vinavyoelea na uchafu badala ya kuutua, nayo hayana kinachozuia sadeli kushika-na-kuruka kwenye mwendo wa polepole. Felti ya 4 mm iwekwe ncha zote mbili za sadeli, ikikatwa kwa umbo la reli ili ifute uso wa juu pamoja na ukuta wa 1 na wa 4. Felti inayofuta juu tu inausukuma uchafu ushukie kwenye kuta.

Kukubali au kukataa

Baada ya kurudisha kila kitu, gibu ikazwe sadeli ikiwa upande wa mkia. Weka dayo geji kwenye kitanda ikigusa sadeli ubavuni, ivute na kuisukuma kwa mkono. Pleyi ya 0.01 hadi 0.02 mm inafaa. Ipeleke karibu na chaki bila kugusa gibu na urudie. Ukuta wa 1 ukiwa mzima, namba itakuwa ileile na mkono hautahisi tofauti.

Kisha dayo geji iguse skrubu ya kuendeshea karibu na eproni, nati nusu ifungwe na kufunguliwa. Skrubu ikisukumwa kando kila nati inapofunga, sadeli haikurudi mahali pake. Rekebisha bereketi kabla nati haijaanza kulika upande mmoja, maana utakuwa umehamisha ugonjwa tu.

Jaribio la mwisho ni la kukata. Fito ya chuma ya kipenyo cha 30 mm, iliyotokeza 120 mm kwenye chaki bila senta, iachwe na kola mbili, yaani mikanda iliyoachwa minene, zilizo mbali kwa 100 mm. Kisu kikali, kina cha 0.05 mm, mwendo wa kulisha mdogo, kola zote mbili bila kugusa mkono wa slaidi. Tofauti ya kipenyo isizidi 0.01 mm. Unene wa fito si mapambo: nguvu ya niutoni 20 kwenye ncha ya fito ya 30 mm inaipinda kama 0.0014 mm tu, lakini fito ya 16 mm kwa urefu uleule inapinda zaidi ya 0.017 mm, na kola ya mwisho itatoka nene kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na kitanda. Kichwa chenyewe kikiwa hakiko sambamba na kitanda nacho kitaleta tepa, ila tepa ya kichwa ni mstari ulionyooka. Ya kulika hujikunja, kali karibu na chaki na kupotea mbele. Ongeza kola ya tatu katikati na utazitofautisha.

Kisa hiki hakihamishiki chote kwenye leti kubwa za vitanda vya V zilizojaa kwenye karakana zetu za Dar es Salaam na Nairobi. Hazina ukuta wa 4 uliokaa bure. Ila nguvu ni zilezile: msukumo wa kisu ni chini na kwa fundi, kwa hiyo kwenye tuta la V la mbele mteremko unaoumia ni ule wa nyuma, unaotazama katikati ya kitanda. Mbunifu anayeelewa hilo hufanya mteremko huo uwe mpana na uliolala zaidi ili uupokee mzigo wima kwa uso wake, na ule wa mbele uwe mwembamba na mkali. Kuupasha na kuugumisha uso wa reli kunapunguza kasi ya kulika, lakini kitanda kigumu chenye sadeli isiyo na vifutio kitalika vilevile mahali pamoja, polepole tu. Reli tofauti kwa mkia na kwa sadeli, kama zilivyo kwenye vitanda vingi vya V, zinasaidia kwa namna nyingine: reli za mkia hazipitiwi na sadeli, kwa hiyo zinabaki kuwa rejea nzuri ya kupimia, dayo geji ikibebwa na kipande kinachoteleza juu yake na kugusa reli za sadeli.

Kwa ML7 ambayo kipimo cha 1–4 kimeonyesha ukuta wa 1 nao umekwisha, kusaga ndilo jibu, na vijazio vya ukuta wa 4 viwekwe baada ya kusaga, si kabla. Kusaga juu kwa 0.15 mm kunaishusha sadeli na eproni kwa kiasi hichohicho, hivyo bereketi za skrubu ya kuendeshea na gia ya meno vishushwe navyo, na shimu za mabamba ya chini zipunguzwe matabaka kwa sababu reli imekuwa nyembamba. Karakana ya kusaga ipewe maagizo kwa maandishi: ukuta wa 1 na wa 4 visagwe kwa mpango mmoja bila kukifungua kitanda katikati ya kazi, na wa 2 usiguswe, kwani hauna kazi tena.